Protini haichomi kitambi

Wapo wanaoamini kwamba protini "inachoma mafuta": kula mayai sita na nyama choma, acha ugali, kitambi kitaondoka. Sivyo. Gramu moja ya protini ina kalori 4, sawa na ya wanga, na kalori zikizidi matumizi ya mwili unanenepa tu, ziwe zimetoka kwenye yai au chapati.

Msaada wake uko kwingine. Protini hushibisha kwa muda mrefu, na mwili hutumia takriban asilimia 20 hadi 30 ya kalori za protini hiyo katika kuimeng'enya. Kubwa zaidi, anayejinyima chakula bila protini ya kutosha wala mazoezi ya kunyanyua vyuma hupoteza misuli pamoja na mafuta. Mizani inashuka, anafurahi, kumbe na nguvu zinakwenda! Hilo ndilo la kuogopa.

Anayefanya mazoezi huku akipungua hutosheka na gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Unga wa protini wa kopo si lazima: kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi, yai moja 6, na dagaa wakavu wana protini tele. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.