Je, wajua? Vepu haikusamehewa kodi Uingereza

Miaka mingi nilikuwa naamini, tena nikiwaambia na wenzangu, kwamba Uingereza iliziondolea kodi vepu, zile sigara za kielektroniki, ili wavutaji waachane na sigara za moto. Sio kweli. Ukinunua vepu dukani kule unalipa VAT ya asilimia 20 kama mtu aliyenunua viatu, hakuna sheria ya msamaha wala nini. Ila sigara inabeba mzigo wa pili juu ya VAT, yaani ushuru wa bidhaa, na huo haukuwekwa kwenye vepu, basi. Unafuu wa makusudi ulienda kwa chingamu na plasta za kusaidia kuacha sigara, zenye nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, VAT yake ni asilimia 5 tu tangu 2007.

Mvutaji hashiki mahesabu ya kodi, anaona pengo la bei kati ya sigara na vepu. Chukua mama anayepikia mkaa. Gesi ikishuka na mkaa nao ukashuka vilevile, hahami, ahame afuate nini? Lakini gesi ikibaki palepale halafu mkaa ukapanda, ataanza kuulizia mtungi, na akishanunua mtungi na jiko lake kurudi kwenye mkaa sio rahisi tena. Nikotini ndo hivyohivyo, aliyeizoea ataitafuta tu, suala ni ataipata kwenye moshi au kwenye mvuke, na kinachoua sana ni ule moshi wa tumbaku inayoungua.

Jimbo la Minnesota, Marekani, lilienda kinyume, likaitoza vepu ushuru wa asilimia 95 ya bei ya jumla. Wachumi waliochapisha hesabu zao 2020 walikadiria kwamba bila ushuru huo watu wazima kama 32,400 zaidi wangeacha sigara. Ni makadirio ya jimbo moja, tusiyafanye amri, na yanahusu watu ambao tayari wanavuta, mtoto wa shule ambaye hajawahi kugusa sigara yeye ni bora akute vepu ni ghali.

Hapo ndo hatua mpya ya Uingereza inanivutia sana. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 wamepanga kutoza pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za kimiminika cha vepu, na siku hiyohiyo kila sigara 100 zinaongezewa pauni 2.20 hizohizo, ili vepu ipande bila kuziba pengo. Na kwa kuwa VAT inakatwa juu ya ushuru, ile 2.20 inamfikia mnunuzi ikiwa 2.64.