Megabiti hazitawaondolea kukwama: dhana potofu kuhusu mechi za mtandaoni za watu wawili

"Fundi, niongezee megabiti, gemu inakwama." Kauli hii nimeisikia kwa wateja kiasi kwamba siku hizi naijibu kabla haijaisha. Kijana ana kompyuta nzuri, anacheza Age of Empires II na ndugu yake aliyeko Mwanza, askari wanaganda katikati ya vita, na tayari ameshahamia kifurushi cha bei mara mbili. Bado wanaganda. Ndipo anapotaka nimsaidie kupanda kifurushi kingine. Sitamsaidia, na naomba anisikilize kwanza.

Dhana: gemu ikikwama, ongeza kasi ya intaneti

Gemu ya mkakati inayochezwa papo kwa papo, kama hii, haitumi picha, wala haitumi askari. Kompyuta yako na ya mwenzako kila moja inaendesha vita vyote yenyewe, na kinachopita mtandaoni ni maagizo tu: kundi hili liende mtoni, ghala lijengwe hapa. Ukiwa na askari mia moja, agizo la kuwasogeza wote ni ujumbe mfupi. Ndiyo maana Age of Empires ya kwanza, ya mwaka 1997, iliweza kuchezwa na watu wanane kwa modemu za simu za kilobiti 28.8 kwa sekunde. Piga hesabu: modemu hiyo ikijaa pomoni kwa saa nzima haipitishi hata megabaiti 13. Wewe mwenye megabiti 20 una nafasi karibu mara 700 ya ile iliyowatosha wale. Unanunua nini tena?

Kinachokukwamisha ni muda. Ensemble Studios, waliotengeneza gemu hiyo, walieleza mwaka 2001 jinsi ilivyofanya kazi: wakati umekatwa zamu fupi, kwa kawaida za milisekunde 200, na agizo unalotoa sasa linapangiwa kutekelezwa zamu mbili mbele, ili lipate nafasi ya kusafiri hadi kwa mwenzako. Zamu ile ikifika, kompyuta zote mbili zinalitekeleza kwa pamoja. Agizo likichelewa njiani, hakuna kompyuta inayoruhusiwa kutangulia. Zote zinasubiri, na huko kusubiri ndiko mnakokuita kukwama.

Waligundua pia jambo ambalo natamani kila mteja wangu alijue. Wachezaji walivumilia ucheleweshaji wa nusu sekunde mradi uwe uleule muda wote, lakini ucheleweshaji unaorukaruka kati ya milisekunde 80 na 500 uliwashinda. Mkono huzoea kusubiri; hauzoei kubahatisha. Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni kama pingi yako, yaani muda ambao ujumbe unachukua kwenda hadi kwenye seva na kurudi, imetulia, ndipo uulize kama ni ndogo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t na anwani ya seva yoyote inayojibu, iache ikimbie dakika tano, kisha tazama namba ya juu kabisa na ya chini kabisa. Wastani usikudanganye. Anayepata kati ya milisekunde 60 na 70 muda wote atacheza vizuri kuliko anayepata 25 na kila baada ya muda inaruka hadi 400.

Umbali nao haununuliki. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 inaongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 angani, maana yake milisekunde 75 hata kama kebo ingenyooshwa kama rula, na kebo za baharini hazijanyooka hivyo. Barabara ya Morogoro ikipanuliwa kuwa njia nane, Mwanza haijasogea karibu. Mwezi Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika kusini mwa pwani yetu, watu walibaki na vifurushi vyao vilevile kwenye karatasi, ila data ikazungushwa njia ndefu zilizosongamana na pingi ikapanda.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa wawili mnaocheza. Age of Empires II ya toleo la 2019 hupitisha maagizo kwenye seva ya katikati, na anayefungua chumba cha mechi anaweza kuchagua seva. Wewe uko Dar, ndugu yako yuko Mwanza, mmeacha seva ya Marekani: kila agizo linavuka bahari na kurudi wakati ninyi wawili mko nchi moja. Jaribuni seva mbili tatu, mkae kwenye ile inayowapa wote wawili pingi ya kuridhisha. Ya mmoja ikiwa mbaya, mechi nzima ni mbaya.

Halafu kuna wezi wa ndani ya nyumba, na hapa ndipo ninapopata majibu mara nyingi zaidi. Mdogo wako anapandisha video ya harusi mtandaoni, foleni ndani ya ruta inajaa, na agizo lako dogo linasimama nyuma ya video hiyo. Pingi inaruka hadi mamia ya milisekunde. Kifurushi kikubwa kitafupisha foleni kidogo, kisha video kubwa zaidi itaijaza tena. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuwekea kikomo kasi ya kupandisha, chini kidogo ya uwezo halisi wa laini yako, kama ruta inaruhusu. Kama hairuhusu, mwombe mdogo wako asubiri mechi iishe.

Mwizi wa pili ni waifai. Ukuta wa zege, microwave, waifai za majirani watano kwenye ghorofa moja: kila pakiti, yaani kipande cha data, inayopotea hewani inatumwa upya, na hapo ndipo pingi inaporukaruka. Nunua waya wa mtandao, Cat 5e inatosha kabisa, uvute toka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, upitishe chini ya zulia ukipenda. Nawaambia watu hivi kila wiki, wananitazama kana kwamba nimewashauri warudie taa ya kandili. Wakishauvuta, hawaniiti tena kwa jambo hilo. Kabla ya kulipa shilingi moja zaidi kwa mtoa huduma, vuta waya.

Dhana: nimempa mwenzangu anwani yangu ya IP, basi ataingia

Ukimpa inayoanza na 192.168, umempa anwani ya ndani ya nyumba yako. Nje ya ukuta wako haina maana yoyote. Ruta za mamilioni ya watu zinagawa hiyohiyo. Gemu inayohitaji mwenyeji afunguliwe mlango, kama gemu ya mkakati ya 0 A.D. mkiunganishana moja kwa moja, inataka anwani ya nje na poti, yaani namba ya mlango huo kwenye ruta, iliyoelekezwa kwenye kompyuta yako. Kwa 0 A.D. ni poti 20595 ya UDP.

Lakini kabla hujahangaika na poti, fungua ukurasa wa ruta na utazame anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kuelekeza poti kwako ni kazi bure. Laini za simu kwa kawaida ziko hivyo. Hapo tumieni mtandao pepe (VPN) kama ZeroTier au Radmin VPN: wote wawili mnaiweka, mnaingia mtandao mmoja, na gemu inawaona kana kwamba mko sebule moja.

Na hizi VPN za kulipia zinazotangazwa kwamba zinashusha pingi? Zinaongeza kituo njiani. Zinasaidia pale tu njia ya mtoa huduma wako ilipopinda vibaya, na hilo si la kila siku.

Dhana: zima faiwoli, kila kitu kitafunguka

Hapana! Faiwoli ni mlinzi anayezuia programu zisizoruhusiwa mtandaoni. Windows ilikuuliza siku ya kwanza kama uiruhusu gemu, ukabonyeza kughairi, ikaifungia. Nenda kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa, itie alama gemu hiyo peke yake. Kuzima ulinzi wote kwa sababu ya programu moja sitaki kukusikia ukifanya.

Dhana: anayefungua chumba ana faida

Katika gemu za zamu za pamoja kama nilizoeleza, agizo la mwenyeji nalo linangoja zamu yake. Gombaneni juu ya ramani, si juu ya nani afungue.

Dhana: kompyuta ya mwenzangu ikiwa dhaifu, ni shida yake

Ni yenu wote. Vita vinakwenda kwa mwendo wa kompyuta iliyo nyuma. Kila mmoja acheze kwanza peke yake dhidi ya kompyuta, ramani ileile, idadi ileile ya askari. Ikikwama na hapo, intaneti haihusiki. Punguzeni ukubwa wa ramani na kikomo cha jeshi.

Dhana: mechi zinamaliza bando

Hesabu ya modemu nimeshaifanya hapo juu. Kinachomeza bando ni masasisho, ambayo hufika gigabaiti kadhaa, na mengi yanashuka yenyewe ukiwasha kompyuta. Yanatakiwa, kwa sababu kompyuta mbili zenye matoleo tofauti zitahesabu vita viwili tofauti, na gemu ama itawakatalia kuunganishwa ama itavunja mechi katikati. Marekebisho ya ziada ya gemu (mods) mliyojiwekea nayo yalingane. Shusheni masasisho usiku wa kuamkia mechi, kwa laini ya nyumbani, kisha mfungue chumba na mjaribu dakika mbili kabla hamjaalikana kwa mchezo wenyewe.