Kamba moja, maeneo tofauti

Kila mwaka nikifika kwenye mzingo na eneo, najua kosa litakalonisubiri kwenye madaftari ya Darasa la Tano: pande zimejumlishwa pale palipotakiwa kuzidisha. Kanuni wanazo, wanaziimba. Wasichokiona ni kitu chenyewe kinachopimwa. Ndiyo maana hapa Mafinga nimeacha kuanzia ubaoni. Nawapa kazi ya kubuni darasa lao.

Tunaanzia uwanjani na kamba ya katani ya mita 32, sawa na mzingo wa chumba chetu cha mita 9 kwa 7. Kila kikundi kinaizungusha kwenye vigingi vinne kipate mstatili kinaoupenda. Kikundi kimoja kilichagua mita 12 kwa 4, maana kwao kirefu ndicho kikubwa. Tukazidisha: mita za mraba 48. Chumba chetu kina 63. Mraba wa mita 8 kwa 8 ukatoa 64, wakanyamaza wote wakiiangalia kamba. Hapo siongezi neno.

Ndani, tunachora kwenye karatasi ya grafu, kijimraba kimoja kikiwa mita moja ya mraba. Madawati, kabati, meza ya mwalimu, vyote vinapata nafasi. Kisha nauliza: saruji ya sakafu itafunika kiasi gani, na mstari wa rangi chini ya kuta utakuwa na urefu gani? Neno "mzingo" silitaji kabisa. Ukilitaja, umeshawafanyia nusu ya kazi.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na mlangoni tunapaka?" Mlango una mita 1. Darasa zima likafuta 32, likaandika 31. Swali hilo halimo kwenye kitabu chochote nilichofundishia.

Kikundi cha nyuma kilikata kona ya mita 2 kwa 2 iwe stoo ya vitabu, kikaandika kuwa mzingo wa sehemu iliyobaki umepungua. Nikawaambia wafuate ukuta kwa kidole, wakihesabu kwa sauti: 9, 7, 7, 2, 2, 5. Jumla 32. Wakarudia. 32 tena, ilhali eneo limeshuka hadi 59.

"Tukate na kona ile?" mmoja akanong'ona. Kengele ya mapumziko ililia, hakuna aliyenyanyuka.