Kauli inapochukiza, leseni nayo iende?

Malalamiko mengi yanayofika kwenye dawati letu la maadili hufanana. Mtu amechapa skrinshoti ya maneno ya daktari, mwanasheria au mtangazaji mashuhuri, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika ombi moja: "Afutiwe leseni." Mara nyingi tarehe imekatwa. Swali alilokuwa anajibu pia limekatwa, hata huwezi kujua kama alikuwa anatoa maoni yake au ananukuu ya mwingine ili ayapinge.

Hasira hiyo siibezi, maana baadhi ya maneno tunayosoma humo yanauma. Ila anayeandika "afutiwe leseni" huwa amefunga vitu vitatu katika furushi moja. Leseni hutolewa na baraza la taaluma ili kumhakikishia mwananchi kwamba huyu anaijua kazi na anaaminika kuifanya. Ajira ni mkataba wake na mwajiri, ambaye naye ana jina la kulinda, ndani ya mipaka ya mkataba huo. Heshima, kama vile cheo cha heshima au kiti cha mgeni rasmi, ni zawadi, na aliyeitoa anaweza kuichukua. Sababu inayotosha kuondoa zawadi haitoshi kumnyima mtu riziki.

Mfano mzuri ni James Watson, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962 kwa kugundua umbo la DNA. Oktoba 2007 aliliambia gazeti la Uingereza maneno yaliyodai kwamba akili za Waafrika haziko sawa na za wengine. Akaomba radhi, na akakiri mwenyewe kwamba imani hiyo haina msingi wa kisayansi. Maabara ya Cold Spring Harbor ilimsimamisha, naye akastaafu siku chache baadaye. Mwaka 2019, baada ya kusema kwenye filamu ya televisheni kwamba msimamo wake haujabadilika, maabara ikamvua vyeo vya heshima. Nobel yake haikuguswa, kwa kuwa ilitokana na ugunduzi, na ugunduzi ulikuwa wa kweli. Kwangu mimi maabara haikukosea. Watson alikuwa mtu wa jenetiki akizungumzia jenetiki. Msikilizaji alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba nyuma ya kauli ile kuna utafiti, na haukuwapo.

Sasa mgeukie Arthur Butz, mhadhiri wa chuo kikuu nchini Marekani. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha kukanusha mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Chuo Kikuu cha Northwestern kililaani maoni hayo waziwazi, tena zaidi ya mara moja, lakini hakikumfukuza. Somo lake lilikuwa uhandisi wa umeme, na imani yake hakuiingiza darasani. Nakiri uamuzi huo unanikwaza, hasa nikimfikiria mwanafunzi wa Kiyahudi aliyeketi mbele yake. Bado naona ulikuwa sahihi, maana alama za mtihani wa umeme zinaweza kukaguliwa, na kama zingeonyesha upendeleo, hilo lingekuwa kosa la kazi na jalada lingefunguliwa.

Kesi inayopotoshwa kuliko zote ni ya Andrew Wakefield, daktari aliyehusisha chanjo ya surua na usonji. Utasikia kwamba alifutwa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza mwaka 2010 kwa kuwa alithubutu kuhoji chanjo. Sivyo. Baraza la madaktari lilimkuta na hatia ya kukosa uaminifu katika utafiti wake na ya kuwafanyia watoto vipimo vya kuumiza bila kibali cha maadili kilichotakiwa. Zaidi ya hapo, aliagiza watoto watolewe damu kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe na kuwalipa pauni 5 kila mmoja. Hayo ni matendo. Angekuwa na maoni yaleyale huku mikono yake ikiwa safi, baraza lingekuwa na kazi ngumu sana.

Uchochezi wa chuki na vurugu nauweka kando, kwa kuwa huo una sheria zake na mahakama zake.

Hatari ya kwenda haraka inaonekana kwa Muhammad Ali. Aprili 1967 alikataa kuingia jeshini, na siku hiyohiyo kamisheni ya ndondi ya New York ikamsimamishia leseni, kabla mahakama haijamtia hatiani. Alikuwa na miaka 25. Alipokwenda mahakamani kuidai, ikabainika kwamba kamisheni hiyohiyo ilikuwa imewapa leseni watu waliowahi kuhukumiwa kwa mauaji, unyang'anyi, na hata kutoroka jeshi. Oktoba 1970 alirudi ulingoni. Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hatia yake. Sioni kwamba kamisheni ilikuwa inalinda ndondi. Ilikuwa inawaridhisha waliokasirika wiki ile.

Kwa hiyo ukituandikia, leta maneno yote, yakiwa na tarehe na swali lililoulizwa. Tuonyeshe kifungu cha kanuni za maadili kilichovunjwa, au mgonjwa, mteja au mwanafunzi aliyehudumiwa vibaya kwa sababu ya imani hiyo. Na kama unachotaka ni mtu huyo asialikwe tena kuhutubia kwenye mahafali, mwandikie aliyemwalika. Sisi mahafali si yetu.