Gurudumu lilikuwepo Kilwa

Tangu ziara za shule zianze, swali moja linatufikia sisi tunaotunza magofu ya Kilwa Kisiwani karibu kila jahazi linapotia nanga: kama wazee wetu waliweza kujenga Husuni Kubwa, lile jumba la mawe la masultani, mbona hata gurudumu hawakuligundua? Wengi huuliza kwa nia njema. Juzi mgeni mmoja aliniuliza hivyo huku jibu lenyewe amelishika mkononi.

Alikuwa ameokota kipande cha chungu, mviringo, kipana kuliko sarafu kidogo, chenye tundu katikati. Hicho ni kigurudumu cha kusokotea. Kigae cha chungu kilichovunjika kilisuguliwa kingo hadi kikawa duara, kikatobolewa na kupachikwa kwenye kijiti. Ukikizungusha, uzito wake huendeleza mzunguko na pamba hujipinda kuwa uzi. Wachimbaji wamevipata kwa wingi Kilwa. Basi tusiseme tena kwamba watu hawa hawakujua kitu kinachozunguka kwenye mhimili.

Kisichokuwepo ni gari la kukokotwa, na hilo ni jambo jingine. Gari linataka mnyama wa kulivuta na njia ya kupita. Njia nyingi za kwenda bara zilipita kwenye mbung'o, na ng'ombe akiumwa na mbung'o hupata nagana, ugonjwa unaomuua. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa akiwa na ng'ombe, wakafika. Mwaka uliofuata wamisionari wakaja na magari ya ng'ombe, na ng'ombe wakafa. Hao gurudumu walilijua tangu utotoni, lakini mizigo yao iliishia kichwani na mabegani kwa wapagazi.

Pwani yenyewe mzigo ulikwenda kwa maji. Kutoka Kilwa hadi kisiwa jirani cha Songo Mnara utapitisha wapi mkokoteni? Wageni wa kutoka Uarabuni nao hawakuwa na la kutufundisha hapo, kwa sababu kwao magari yaliyotumika tangu kale yalikuwa yameachwa kwa karne nyingi, ngamia akachukua kazi. Wainka wa Peru walijenga barabara za zaidi ya kilomita 30,000, nyingine zikipanda milima kwa ngazi za mawe. Lama wao, mnyama wa jamii ya ngamia, hubeba, havuti. Mexico ya kale kulikuwa na vinyago vya udongo vyenye magurudumu manne, ila hakukuwa na ng'ombe wala farasi. Anayeita hayo ujinga hajawahi kusukuma toroli kwenye mchanga.

Sasa kuhusu kuokota. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa, kiwe dhahabu au kigae. Milango ya mbao ya kuchonga inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya mwaka 1940. Kuchimba bila kibali ni kosa. Kuondoa ni kosa, hata kama kitu kilikuwa juu ya ardhi, na hata kama "kilikuwa kimetupwa tu", utetezi tunaousikia kila wiki. Adhabu ni faini au kifungo, au vyote kwa pamoja. Ukikutana na kitu unapolima au unapochimba msingi, simamisha kazi mahali hapo, usikisafishe, usikisogeze, kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ofisi ya wilaya au kwetu. Kupiga picha kikiwa palepale kunaruhusiwa na kunasaidia.

Mgeni wetu alikirudisha, akaomba radhi. Nilipomuuliza alikiokota wapi, alionyesha kwa mkono upande mzima wa magofu, toka msikitini hadi baharini. Kwenye daftari la vitu vilivyopatikana, safu ya mahali nimeiacha wazi.