Chakula yenye ilibakia ku supermarketi: vile batu banaamini na vile iko kweli

Jioni vijana ba kujitolea bakipakia makarto ya chakula ya kugawa bure ku chukudu (ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo) mbele ya supermarketi hapa Goma, maneno inaanza pale pale ku barabara: "ile ni ya kuoza, banapelekea bamaskini." Hapana jamani. Ni mikate ya asubuyi yenye haikuuzwa, yogati zenye zimebakiza siku mbili, nyanya zenye ngozi imekunjamana, pasta yenye karto yake ilipasuka. Duka inazitoa ju kesho mpya zinafika na etajeri iko kidogo.

Shida kubwa iko ku tarehe, batu banaona tarehe imepita banasema sumu. Soma maneno yenye iko mbele ya tarehe. Kama ni « à consommer jusqu'au », ile njo mpaka ya kweli, nyama, samaki, maziwa freshi, siku ikipita hatugawi ata kama inanukia vizuri, ju mikrobe zingine hazina arufu. Kama ni « à consommer de préférence avant », banaongelea ladha tu: muchele, pasta, biskiti, kama ilitunzwa pakavu unaweza kula kisha tarehe na hakuna kitu itakupata, biskiti itakuwa laini, basi.

Lakini tarehe peke yake haitoshi kwetu, umeme inakatika usiku muzima na yogati ya tarehe nzuri inaharibikia ndani ya frigo, kwa hiyo mimi naona swali ya kwanza kwa mwenye duka ni "umeme ilikatika saa ngapi?" Boite yenye imevimba, ata kidogo, tupa. Karanga ao unga yenye imeshika ukungu tupa pia, usikwangue, sumu ya aflatoksini haiishi na moto ya jikoni. Chizi ngumu ya Masisi iko tofauti, ukungu kidogo pembeni unakata sentimita mbili na nusu kuzunguka na yenye inabakia iko salama.

Ingine yenye inaniumiza roho: "mukibapa bure batakuwa bavivu." Mama mwenye anauza makala ku kartiye ya Birere siku muzima na jioni amebakiza pesa ya bugali tu bila mboga, huyu njo mvivu? Na zile familia zenye zilikimbia vita Masisi na Rutshuru, wale ni bakulima, viazi na maharagi yenye tulikuwa tunakula hapa mjini ilitoka ku mashamba zao! Ju ya ile, tafazali, usimupige mtu picha akishika mfuko ya mikate ili uweke ku statu yako.

Bengine banasema duka ikigawa bure itapoteza bakiriya. Ufaransa tangu 2016 sheria inakataza supermarketi zenye zinapita meta kare 400 kuharibu chakula yenye bado inalika, zinapaswa kupatana na mashirika, na biashara za kule zinaendelea.

Pia tusidanganyane upande ingine, eti maduka zote zikitoa njaa itaisha. UNEP, shirika ya ONU ya mazingira, ilihesabu chakula yenye dunia ilitupa mwaka 2022: tani bilioni 1.05, na 60% ilitoka manyumbani kwa batu, maduka ni 12% tu. Karto ya supermarketi inaokoa chakula ya jioni ya familia, barabara na amani ya kurudi shambani ni kazi ingine.

Na "bila ONG na jeep haiwezekane"? Benki ya chakula ya kwanza, Phoenix kule Marekani mwaka 1967, John van Hengel aliianzisha kisha mama moja kumueleza kama anapata chakula ya batoto ku mapipa ya supermarketi, na ingefaa kuwe pahali pa kuiweka sawa vile benki inaweka pesa. Hapa kwetu unaanza na mabeseni ya kuoshea vizuri, glasiere moja, kaye ya kuandika nini ilitoka duka gani na saa ngapi, na mwenye chukudu mwenye anaheshimu saa. Mikate inagawiwa jioni ile ile. Vyenye vilikuwa ndani ya frigo visikae inje kupita masaa mbili, na kama barabara imefungwa vinarudi ku baridi ao vinapikwa siku ile.