Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Sekondari: Usikubali Jibu la Mdomo

Kila msimu wa kuandikisha wanafunzi wapya wa sekondari, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu huongezeka, na mengi yanafanana. Mzazi amekwenda shuleni na mtoto asiyeona, au kiziwi, au mwenye ugumu mkubwa wa kusoma, akaambiwa kwa upole, "Hapa hatuna mtaalamu, mtafutie shule maalumu." Hakupewa barua wala ombi lake halikuandikwa popote. Mwezi unapita, nafasi zinajaa, na shauri likitufikia hatuna hata karatasi moja ya kufuatilia.

Kila nchi ina sheria na kanuni zake, na hizo ndizo za kusoma kwanza. Juu yake upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2008. Ibara ya 24 inahusu elimu. Ibara ya 2 inasema kwamba kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko yanayomwezesha kushiriki sawa na wengine bila kuleta mzigo uliopita kiasi, ni ubaguzi, na neno "ubaguzi" limewekwa makusudi. Mwaka 2016 Kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla Namba 4, yaani ufafanuzi wake wa Ibara ya 24, na humo kuna mambo ambayo wakuu wa shule wengi bado hawayajui. Kwanza, wajibu wa kumrekebishia mwanafunzi mmoja mahitaji yake huanza pale anapoomba. Hausubiri mpango wa miaka mitano wa kujenga njia za viti vya magurudumu. Pili, shule haiwezi kujitetea kwa kutazama mfuko wake peke yake, kwa sababu kinachoangaliwa ni rasilimali za mfumo mzima wa elimu, ambazo zinapaswa kuhamishika kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Tatu, marekebisho hayafungwi kwenye cheti cha daktari. Nne, shule binafsi haitakiwi kumtoza mzazi ada ya ziada kwa ajili hiyo.

Hilo la tatu nalisisitiza. Tumepokea mashauri ya wanafunzi waliotakiwa kuleta cheti kipya kila mwaka kuthibitisha kwamba bado hawaoni. Tafadhali. Swali la shule ni moja: ni kitu gani darasani kinamzuia mwanafunzi huyu kujifunza, na kitaondolewaje?

Sekondari ina ugumu wake ambao shule ya msingi haina. Kule mtoto huwa mikononi mwa walimu wachache wanaomjua. Huku anapita kwa walimu wengi ndani ya wiki moja, kila mmoja na kipindi chake na haraka ya kumaliza mada. Makubaliano mazuri yaliyofikiwa ofisini kwa mkuu wa shule hayamfikii mwalimu wa Kemia. Mashauri mengi tunayoyachunguza hayatokani na chuki. Yametokana na karatasi iliyobaki kwenye faili. Kwa hiyo mpango wa mwanafunzi uandikwe kwa ufupi, ukurasa mmoja, na kila mwalimu wa somo asaini kwamba ameupokea. Mwalimu mpya akija katikati ya muhula, anasaini naye.

Na uandikwe kwa vitendo. "Asaidiwe inavyowezekana" si mpango. Kwa mwanafunzi asiyeona, mwalimu wa Hisabati aandikiwe kwamba maneno kama "hii ukijumlisha na hii unapata ile" hayamfundishi kitu. Kila kinachoandikwa ubaoni kitamkwe, na michoro iandaliwe mapema kwa mistari ya kupapasa. Maabara asiachwe nje kwa kisingizio cha usalama. Apewe mwenzake wa kufanya naye jaribio na, panapopatikana, kipimajoto kinachotoa sauti. Kwa kiziwi, mwalimu akumbuke kwamba macho yale yale yanayomtazama mkalimani wa lugha ya alama hayawezi wakati huohuo kunakili ubaoni. Apewe maelezo ya somo yakiwa yamechapwa. Mkalimani naye ayapate kabla ya kipindi, kwa sababu istilahi nyingi za sayansi hazina alama zilizozoeleka na lazima wakubaliane mapema watazionyeshaje. Mkalimani hafundishi, hasimamii nidhamu, na haulizwi "ameelewa?" Aulizwe mwanafunzi mwenyewe.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu. Kukaa mbele husaidia, lakini dawati la mbele linalotazama dirisha lenye mwanga mkali linaweza kumwumiza kuliko la nyuma. Mwulizeni anaona vizuri akiwa wapi. Ni dakika moja tu ya mazungumzo.

Kuhusu vitabu, shule nyingi zinaogopa kukuza maandishi au kuvigeuza kuwa nukta nundu (breli, maandishi ya kusoma kwa vidole) kwa hofu ya hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala hizo kutengenezwa kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida bila kumwomba ruhusa mwenye haki. Angalieni kama nchi yenu ni mwanachama na nani ameruhusiwa kuzitengeneza.

Sasa mitihani, mahali penye maneno mengi. Muda wa nyongeza si upendeleo. Anayesoma nukta nundu kwa ncha za vidole hupitia ukurasa polepole kuliko anayeutupia jicho, na mtihani wa Historia haupimi kasi ya vidole. Kwa mwenye ugumu wa kusoma, maswali yanaweza kusomwa kwa sauti, isipokuwa pale ambapo kusoma kwenyewe ndiko kunakopimwa. Anayemwandikia mtahiniwa huandika alichoambiwa tu: harekebishi sarufi, haulizi "una uhakika?", na kwa kawaida haruhusiwi kuwa ndugu wala mwalimu wa somo hilo. Wanaodai kwamba wanafunzi hawa "wanashusha wastani wa shule" tunawaomba waache. Wastani wa shule si sababu ya kisheria ya kumkataa mtoto yeyote.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mzazi aandike barua kwa mkuu wa shule: jina la mwanafunzi, darasa, kizuizi anachokutana nacho, na marekebisho anayoyaomba. Mwanafunzi wa sekondari ana umri wa kujieleza, kwa hiyo maoni yake yawemo. Barua iwe na nakala mbili. Moja ibaki shuleni, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi na mzazi. Shule ikikataa kugonga muhuri, barua itumeni kwa njia inayoacha kumbukumbu ya kupokelewa. Kisha iombeni shule kikao na tarehe ya kikao, na muhtasari wake usainiwe na pande zote siku hiyohiyo. Shule ikisema haiwezi, iseme kwa maandishi, ikitaja ni marekebisho gani, kwa sababu gani, na imeiomba mamlaka gani ya elimu msaada. Maombi ya mitihani yapelekwe wakati wa usajili wa watahiniwa. Karatasi za nukta nundu na maandishi makubwa haziandaliwi wiki ya mtihani.

Msipojibiwa, pandeni ngazi: mamlaka ya elimu ya eneo, chombo cha haki za binadamu au cha watu wenye ulemavu, kisha mahakama. Kwa nchi zilizoridhia Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, yaani makubaliano ya ziada yanayoruhusu watu kupeleka malalamiko kwa Kamati, baada ya njia za ndani kumalizika, shauri linaweza kufika kwa Kamati yenyewe. Mwaka 2020 Kamati iliamua dhidi ya Hispania kwa kumwondoa kijana mwenye ulemavu wa Down (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ujifunzaji) katika shule ya kawaida na kumpeleka kituo maalumu, wazazi wake wakiwa wamepinga. Wazazi hao walikuwa wamefunguliwa hata shauri la jinai kwa kukataa kumpeleka huko. Kamati iliitaka nchi hiyo impatie fidia na kuhakikisha anapata elimu jumuishi.

Wazazi nao wasituelewe vibaya. Kuficha kifafa au usikivu hafifu wakati wa kuandikisha, kwa hofu ya kukataliwa, kunamwacha mtoto bila mpango siku anapouhitaji. Elezeni hali yake mapema, kwa maandishi, pamoja na huduma ya kwanza anayohitaji. Mtoto akihama shule, ombeni nakala ya mpango wake na mihtasari yote kabla ya kuondoka. Shule mpya ianzie pale ya zamani ilipofikia, bila kuanza uchunguzi upya.